Ridhaa ya Kona ya Saba

Siku tisa kabla ya masika, mchwa wa Mto Lukwese waligoma.

Walikuwa elfu moja na mia mbili, kila mmoja na ukubwa wa sufuria ya wali wa watu wanne, na kazi yao ilikuwa kula udongo upande mmoja na kuutema upande wa pili mpaka mto upate kitanda kipya. Kwa miezi kumi na minne hawakuwahi kusimama hata saa moja. Asubuhi hiyo walikuwa wametulia kwenye ukingo wa kona ya saba, wamejipanga safu kwa safu, kama waumini wanaomsubiri padri aliyechelewa.

Binti mmoja, Sikudhani Matimbwa, aliwakuta hivyo akiwa bado anatafuna kiporo. Aliligonga kasha dogo lililoning'inia begani mwake.

"Fundi! Betri zimeisha?"

"Zimejaa, dada Sikudhani," lilijibu kasha.

Fundi ndiye aliyekuwa akili ya mchwa wote. Mwili hakuwa nao, na sauti aliyoitumia aliijenga mwenyewe baada ya kuwasikiliza watu wa bonde msimu mzima, hivyo aliongea kama mtu aliyezaliwa Lukwese, hata ile tabia ya kuvuta neno la mwisho alikuwa nayo.

"Sasa mbona hamchimbi?"

"Sina ridhaa ya Bi. Salafina."

"Unayo. Niliiandika mwenyewe mwezi wa kumi na moja."

"Uliandika 'ameridhia'. Jana nimeisikiliza tena sauti yake. Alisema 'haya'."

Sikudhani alimeza lile tonge bila kulitafuna.

Inafaa kueleza hapa kwamba katika bonde lile ridhaa haikuwa mchezo. Vizazi viwili nyuma, watu waliokuja na mitambo mikubwa walikuwa wameunyoosha mto. Waliukuta unajipinda huku na kule, wakaona unapoteza muda, wakauchimbia mfereji mmoja ulionyooka kama rula kutoka milimani hadi mji wa Mlimwa, wakipita katikati ya mashamba bila kumuuliza mtu. Mto uliofundishwa kukimbia hukimbia kweli. Maji yalishuka kwa kasi, yakala sakafu yake mwaka hadi mwaka, mpaka banio la wakulima, lango la kuingizia maji mferejini, likabaki linaning'inia hewani, mto unapita mita nne chini yake na majaruba ya mpunga yanapasuka kwa kiu. Samaki nao walikosa mahali pa kutulia na kutaga, wakatoweka. Na kila masika, mvua ya milimani iliyokuwa ikichukua siku tatu kufika Mlimwa sasa ilifika kwa saa tisa. Mwaka juzi maji yalipanda mpaka kwenye vitanda vya zahanati.

Dawa ilikuwa kuurudishia mto kona zake saba. Mto ukirefuka hupungua mbio, hushusha mchanga, sakafu huinuka, na maji yakizidi hutanda kwenye mbuga badala ya kuvamia mji. Lakini safari hii watu waliweka sheria yao kwanza: hakuna mchwa atakayekula udongo wa mtu bila mtu huyo kuridhia, na ridhaa hiyo isikilizwe na binadamu, si mashine, kwa sababu binadamu husikia hata kile kilichofichwa na sauti. Binadamu huyo aliitwa Msikilizaji, naye alikuwa Sikudhani. Wenye mashamba thelathini na tisa walikuwa wamesema ndiyo mbele yake. Aliyebaki alikuwa Bi. Salafina.

"Haya maana yake ndiyo," alisema Sikudhani.

"Nimehudhuria mikutano yenu ya maji mara sabini na mbili," alisema Fundi. "Nimesikia 'haya' mara mia nne na kumi na moja. Waliotimiza walichokubali ni mia na sitini. Waliobaki walikuwa wakiaga, au wakikasirika, au wakitaka mwenzao anyamaze. Nilichelewa kujifunza. Naomba radhi."

Hapo ndipo alipofika Mwenyekiti Libenanga wa Baraza la Mto, jasho likimtiririka, suruali ameikunja hadi magotini. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, na watu wa namna hiyo ndio wanaochosha kuliko wabaya.

"Binti, haya ni haya!" alifoka alipoelezwa. "Mimi mke wangu nilimposa, akasema haya. Leo tuna watoto sita!"

"Mwenyekiti," alisema Fundi kwa adabu, "wewe mwenyewe umesema 'haya' mara thelathini na nne kuhusu kusafisha mfereji wako."

Libenanga alilitazama kasha, kisha akaamua kwamba hakulisikia. Akamgeukia Sikudhani.

"Siku tisa tu. Kona sita zimekamilika, hii ya saba bado. Maji yakitoka kona ya sita yakakosa pa kupindia, yanakwenda moja kwa moja kwenye tuta la Mlimwa. Mama yako mdogo anakaa pale, siyo? Sasa sheria inasemaje, Fundi?"

"Msikilizaji aliyekuwepo akiapa kwamba alisikia ndiyo, nachimba leo hii," alijibu Fundi. "Mimi nilikuwa begani tu. Yeye ndiye aliyekuwa anamtazama usoni."

Wote wawili walisubiri. Lilikuwa neno moja tu, na hakuna ambaye angeweza kumpinga.

"Nipeni mpaka jioni," alisema Sikudhani.

*

Alijua. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma njia nzima alipokuwa akipita juu ya kingo za majaruba kwenda kwa Bi. Salafina. Hakuwa amedanganywa na neno. Siku ile ya mwezi wa kumi na moja alikuwa amebakiza kaya nne, jua linazama, na wapimaji wawili wanamharakisha. Bi. Salafina alikuwa ametenga chungu. Akasema, "Kaeni kwanza mle." Sikudhani akajibu, "Tumeshiba, bibi, tuna haraka."

Kila mtoto wa Lukwese anafundishwa kwamba mgeni hanyimwi kitu akiwa hajala. Ukitaka kumkatalia mtu, mlishe kwanza, anawe mikono, ndipo umwambie hapana yako naye ataipokea tumboni pakiwa pamejaa. Mgeni anayekataa chakula amemfunga mwenyeji mdomo. Sikudhani alikuwa ameuliza swali lake amesimama. Bi. Salafina akafuta mikono kwenye kanga, akasema "Haya," akaingia jikoni wala hakutoka tena. Na Sikudhani, aliyelelewa vizuri na aliyelijua hilo kuliko kasha lolote, aliandika "ameridhia" na kwenda zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja bila yale majitu yako ya kupima?"

"Peke yangu. Nina njaa."

Bi. Salafina alimtazama. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mkavu, mwenye mikono mirefu ya mtu aliyepandikiza mpunga maisha yake yote. Akacheka kidogo puani, akaenda kuchochea moto.

Walikula wali na kisamvu, wakaongea habari za ndege waharibifu, za bei ya mbolea, na za binti wa jirani aliyeolewa mbali. Sikudhani alikula sahani ya pili, na wakati huo hakulitazama jua hata mara moja. Walipokwisha kunawa alisema:

"Bibi, siku ile nilikukosea. Hukusema ndiyo, nami nilijua."

"Ulijua, ndiyo. Nilikuona usoni." Bi. Salafina alijifunga kanga vizuri. "Njoo nikuonyeshe kitu."

Nyuma ya shamba, mahali ambapo ramani ya Fundi iliandika "kinamasi, hakitumiki", walisukuma matete wakatokea kwenye kidimbwi kirefu, chembamba, cheusi. Kilikuwa kipande cha mto wa zamani kilichosahauliwa na mitambo ile ya kunyoosha. Bi. Salafina alichota pumba kutoka kwenye kopo, akarusha. Maji yakachemka. Migongo mipana ya kijivu ilipita juu, na sharubu ndefu, na mdomo mmoja uliofunguka kama mfuko.

"Kitoga," alinong'ona Sikudhani. Alikuwa amewaona kwenye picha tu. Mtoni hawakuwa wameonekana kwa miaka thelathini.

"Ishirini na watatu. Marehemu mume wangu aliwakuta wamekwama humu, tukawalea. Hatukumwambia mtu, maana mngekuja na nyavu, msijifanye. Na hao mchwa wenu wakipita hapa, tope litawaziba mashavu kabla maji hayajafika."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenisikia lini? Ulikuwa umesimama."

Sikudhani alichuchumaa ukingoni, akauliza swali lake upya, polepole, kama alivyopaswa kuliuliza tangu mwanzo: mto upite katika shamba lake, ndiyo au hapana?

"Hapana," alisema Bi. Salafina, bila hasira yoyote.

Ajabu ni kwamba Sikudhani alifurahi. Lilikuwa jibu baya kuliko yote ambayo angeweza kurudi nalo, na bado alijisikia kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

"Naweza kuwaambia watu habari za hawa samaki?"

Mwanamke yule alikitazama kidimbwi chake. "Waambie. Nimechoka kuwalea peke yangu. Mkimaliza huo mto wenu, hawa ndio mbegu."

*

Baraza lilikutana jioni hiyo hiyo kwenye ghala la banio. Sikudhani alisimama akaeleza yote, akianzia kwenye chungu kilichotengwa na kumalizia kwenye neno lile alilolipindisha. Hakujipunguzia kosa. Alipofika mwisho, Mwenyekiti Libenanga alinyanyuka mwenyewe na kulivua kasha begani mwa binti. Sheria ilikuwa wazi: aliyeandika ridhaa ya uongo hatasikiliza tena. Libenanga alilivua taratibu, na ilionekana kwamba hakupenda kufanya vile.

"Sasa tumekwisha," alisema, akiliweka kasha mezani. "Fundi, kuna njia nyingine?"

"Ipo. Kona inaweza kugeukia ng'ambo, upande wa mashariki. Itakuwa nzuri zaidi, kwa kweli, kwa sababu kidimbwi kitabaki pembeni, nami nitakiachia mlango mdogo unaofunguka maji yakiwa mengi tu. Samaki watatoka wakitaka na kurudi wakitaka. Mchwa watahitaji siku sita."

Ghala zima lilishusha pumzi. Mtu mmoja nyuma alipiga makofi.

"Ni shamba la nani?" aliuliza Libenanga.

"La marehemu Mzee Matimbwa. Majaruba mawili kati ya matatu. Mrithi ni Sikudhani."

Vichwa vyote viligeuka. Mkuki kwa nguruwe, mtu fulani alianza kunong'ona, na hakuwa na haja ya kumalizia.

Sikudhani alisikia masikio yakimwaka moto. Alikuwa amezunguka bonde lote kwa zaidi ya mwaka mzima akiwaomba watu mashamba yao, akiwaeleza kwa upole kwamba watafidiwa ardhi nyingine kule mwinukoni, ardhi nzuri tu, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza yeye angejibu nini.

"Haya," alianza Libenanga, "mwenye shamba si huyu hapa? Unasemaje, binti?"

"Subiri," alisema Fundi. "Hatuna Msikilizaji. Siwezi kumsikiliza mimi, na wala si mbele ya watu mia mbili wanaotaka jibu moja."

Wakaanza kubishana nani achaguliwe. Hakuna aliyetaka kazi hiyo. Mwisho mzee mmoja mwenye jaruba la mkiani kabisa, kule maji yanakofika mwisho, alisema achaguliwe mtu ambaye ameshaonyesha kwamba anaijua hapana ilivyo. Mikono ilinyooshwa, na Bi. Salafina, aliyekuja kuhakikisha tu kwamba samaki wake hawageuzwi kitoweo, akajikuta amevishwa kasha.

"Dude hili ni zito," alilalamika. "Linauma bega."

"Nitajitahidi kuwa mwepesi, bibi," alisema Fundi.

*

Kesho yake asubuhi Bi. Salafina alifika nyumbani kwa Sikudhani, akakaa mkekani, akanyoosha miguu. Sikudhani alikuwa amepika tangu alfajiri. Bi. Salafina alikula bila haraka. Alisifia dagaa. Aliomba chai. Aliuliza habari za mama mdogo wa Mlimwa, za kuku, za paa linalovuja. Sikudhani aliona kama atapiga kelele, siku nane zimebaki na mtu anachokonoa meno. Ndipo alipotambua kwamba alichokuwa anasubiri kwa hamu si swali, bali kumalizana nalo.

Bi. Salafina alinawa mikono. "Haya mwanangu. Mto upite shambani kwako?"

"Haya," alisema Sikudhani.

Bibi alimtazama kwa jicho moja. "Hiyo naijua. Niliizaa mimi. Irudishe ndani, kisha twende tukatembee."

Walikwenda shambani. Mpunga aliounywesha kwa pampu ulikuwa umefika magotini, kijani kibichi, na upepo ukiulaza upande huu na huu. Sikudhani alipita juu ya ukingo wa jaruba la kwanza. Baba yake alizijenga kingo zile kwa mikono, akibeba udongo kwa tenga kutoka kwenye kichuguu cha mbali, msimu baada ya msimu, mpaka maji yakakubali kukaa sawasawa kutoka pembe hadi pembe. Alimfundisha kupima usawa kwa kulala chini na kuchungulia juu ya maji kwa jicho moja. Hapakuwa na kingo kama zile bonde zima. Alisimama akalia, waziwazi, kwa sauti, wala hakujifuta.

Kisha akamgeukia Bi. Salafina.

"Nikisema hapana?"

"Nitaandika hapana."

"Na Mlimwa?"

"Wataweka viroba vya mchanga kama kila mwaka. Labda vitatosha, labda havitatosha. Lakini sikukuuliza habari za Mlimwa. Ukiibeba Mlimwa yote kichwani, utaniambia ndiyo yao, siyo yako."

Sikudhani alitembea peke yake hadi mwisho wa jaruba la pili, akachutama, akaingiza mkono kwenye tope mpaka kiwikoni. Lilikuwa vuguvugu. Alikaa pale mpaka jua likawa kali shingoni. Baba yake, alifikiri, alipenda kingo hizi, lakini alichokuwa anakitafuta hasa ni maji yaliyotulia. Alikufa akililaani banio lililokauka. Angeupata mto uliotulia mlangoni kwake, angeulalamikia kwa wiki moja halafu angeenda kuuchungulia kwa jicho moja. Wazo hilo lilimfanya acheke katikati ya machozi.

Alirudi akiwa ametapakaa tope.

"Mpunga wangu usifukiwe," alisema. "Bado unapandikizika. Kila mwenye jaruba aje aung'oe pamoja nami, achukue mafungu, akaupande kwake. Na mpaka niuone umesimama kwenye maji ya watu, mchwa wasiguse."

"Hilo ni sharti. Na jibu?"

"Ndiyo. Nimeridhia. Ni ndiyo yangu, bibi."

Bi. Salafina alimtazama usoni, kwa macho yote mawili safari hii, muda mrefu kiasi cha kumtia mtu aibu. Kisha akainamia kasha.

"Umesikia?"

"Sheria inataka usikie wewe," alisema Fundi.

"Mimi nimesikia."

Kwa siku mbili bonde zima lilihamia kwenye majaruba yale mawili. Watu waling'oa, wakafunga mafungu kwa majani ya mgomba, wakayabeba vichwani, na hata Libenanga alionekana ameinama huku akiimba vibaya. Siku ya tatu, mchwa waliamka.

*

Mvua ya milimani ilinyesha usiku na mchana kwa siku nne. Mto ulishuka kwa ghadhabu zake za zamani, ukaingia kona ya kwanza, ukazipiga kingo, ukageuka. Kona ya pili uligeuka tena. Kufikia ya tano ulikuwa unatembea, na mbuga zote mbili zilikuwa zimelowa na kung'aa, maji yametanda pale yalipopangiwa kutanda. Mlimwa walisubiri kwenye tuta na viroba vyao. Maji yalifika siku ya tatu, rangi ya chai ya maziwa, yakapita chini yao bila kumlowesha mtu kisigino. Watu waliona kama wamedharauliwa, halafu wakaanza kucheza ngoma. Huku juu, kwa mara ya kwanza tangu Libenanga awe mtoto, maji yalipanda yenyewe mpaka mdomo wa banio na kuingia mferejini bila pampu.

Siku ya tano mlango mdogo wa kidimbwi ulifunikwa na maji, ukawa wazi. Sikudhani alimkuta Bi. Salafina amesimama ndani ya maji mpaka mapajani, anafoka.

"Hawataki kutoka! Tangu asubuhi! Nimewadekeza."

Ni kweli, kitoga ishirini na watatu walikuwa wamejazana miguuni pake wakisubiri pumba. Mto mzima ulikuwa wazi hatua kumi kutoka walipo, nao hawakuugeuzia hata sharubu.

"Basi usiwape," alisema Sikudhani.

"Niwaache na njaa?"

"Nisogezee kopo."

Sikudhani alilichukua, akavuka mlango mdogo akijishikilia kwenye matete, mpaka akafika mahali ambapo mkondo mpya ulipinda polepole upande wa mashariki. Chini ya nyayo zake alihisi kitu kigumu, kirefu, kilichonyooka. Alikitambua mara moja. Ulikuwa ukingo wa jaruba la kwanza, mchwa walikuwa wamepita juu yake bila kuuvunja, na maji yaliyokuwa yakikimbia pande zote yalikuwa yametulia nyuma yake. Akarusha pumba.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mmoja, mkubwa kuliko wote, aliupita mlango, akazunguka mara moja kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, akashuka kwenye kina kile kilichotulia, akajilaza pale tumbo juu ya tope. Wa pili akafuata. Bi. Salafina alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

"Anataga?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Sikudhani aliinama, akaweka shavu karibu na maji, akafumba jicho moja na kuchungulia. Maji yalikuwa sawasawa kutoka pembe hadi pembe.

"Anataga, bibi," alisema. "Kwa baba."